Shajara ya mradi: kulipoza trela letu kiangazi cha Phoenix

Aprili 14, 2024: Tunapoanzia

Tunaishi ndani ya trela la kukokotwa na gari, urefu mita 8.5, la mwaka 2011, kwenye uwanja wa matrela magharibi mwa Phoenix, Arizona. Tuko wanne: mimi, mke wangu na watoto wawili. Tulihamia Februari ili fedha ya kodi ya nyumba igeuke akiba. Kazi yangu ni ya ghala, zamu ya usiku. Narudi saa kumi na mbili asubuhi, nalala kuanzia saa mbili hadi saa tisa alasiri. Jua la hapa likiwa kwenye kilele chake mimi niko kitandani, na watoto wako ndani na mama yao. Trela hili lisipopoa, silali, na nisipolala siwezi kuendesha mashine ya kuinulia mizigo usiku.

Nimekulia Tanga, joto nalijua. Lakini joto la pwani lina jasho na upepo wa bahari. La hapa ni la tanuri, na usiku haliondoki. Mwaka jana Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo ambazo kila moja ilifika nyuzi 43.3 za Selsiasi au kuzidi, kuanzia Juni 30 hadi Julai 30. Kaunti yetu ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vilivyotokana na joto au kuhusishwa nalo mwaka huo, na baadhi ya waliokufa walikuwa ndani ya nyumba zao, kiyoyozi kipo ila hakifanyi kazi. Tulikuwa tumepanga ghorofani wakati huo. Sasa tuna ukuta wa unene wa sentimita tano tu, na mifupa yake ni ya alumini, metali inayopitisha joto kama sufuria.

Tulivyo navyo: kiyoyozi kimoja cha paani cha BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), umeme wa ampea 30 kwa volti 120 (yaani wati 3,600 kwa kila kitu), madirisha saba ya kioo kimoja, na ubavu mrefu wenye madirisha manne unaotazama magharibi. Kiwanja hatukuchagua, ndicho kilichokuwa wazi. Anayeweza kuchagua aelekeze upande mfupi wa trela magharibi. Hilo halina gharama.

Nimenunua vipimajoto vitatu (dola 38) na kipima volti cha kuchomeka kwenye soketi (dola 14). Kimoja kiko kitandani, kimoja kwenye tundu la hewa baridi, kimoja nje upande wa kaskazini. Kila siku saa kumi alasiri naandika tofauti kati ya nje na kitandani, kiyoyozi kikiwa kimewashwa tangu asubuhi. Tofauti hiyo nitaiita pengo. Leo nje 35, kitandani 29. Pengo ni 6. Kwa pengo hilo, nje ikifika 46 tutalala kwenye 40.

Aprili 28: Foili ndani ya madirisha

Hiki ndicho kila mtu hapa uwanjani anachoanza nacho: foili yenye mapovu ya hewa, inakatwa saizi ya dirisha na kubanwa kwa ndani. Mikunjo miwili, dola 56, kazi ya jioni moja.

Pengo limepanda kutoka 6 hadi 7 tu. Nilitegemea zaidi. Nilipotia mkono kati ya foili na kioo nikaelewa: kioo kilikuwa cha moto kiasi cha kutogusika, na hewa iliyonaswa pale ilikuwa inapumulia ndani kupitia pembeni. Jua lilikuwa limeshapita kioo. Foili inarudisha sehemu ya mwanga, lakini kinachobaki kimeshakuwa ndani ya nyumba na hakina pa kwenda ila kwetu.

Halafu kuna giza. Mke wangu alivumilia siku tatu, ya nne akaniambia, "Baba watoto, hatuwezi kuishi ndani ya boksi." Ana haki. Foili tumeziondoa sebuleni, zimebaki chumbani ambako mimi nahitaji giza hata hivyo. Vipande viwili nimevijaza kwenye vidirisha vya darini, kwa sababu jua la saa sita linaingia pale wima kama tochi. Hapo zimefaa kweli.

Mei 12: Kipoza cha maji

Nilinunua kwa mtu kipoza kinachotumia maji: feni inavuta hewa kupitia pedi zilizoloa, maji yanapokauka yanachukua joto. Dola 90. Hewa ya Mei hapa ni kavu mno, nguo iliyoanikwa inakauka kabla hujamaliza kuanika inayofuata, kwa hiyo kifaa kilifanya kazi vizuri. Kilitoa hewa ya nyuzi 21 wakati nje ni 36.

Nilimpigia mama Tanga kumweleza. Baada ya shikamoo na habari za wajukuu akasema, "Mwanangu, huo si mtungi tu?" Ndiyo, ni mtungi tu. Maji yanatoka kwenye vinyweleo vya udongo, yanakauka, yaliyobaki ndani yanapoa. Na kama mtungi, kinahitaji hewa ipite. Kosa langu lilikuwa kukiwasha madirisha yakiwa yamefungwa na kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, nikidhani baridi mbili ni bora kuliko moja. Siku ya pili matandiko yalikuwa na unyevu, na koili ya kiyoyozi, yale mabomba yake ya baridi, ikaganda barafu hadi hewa ikakoma kutoka. Kiyoyozi kinaondoa unyevu kwenye hewa, kipoza kinauingiza. Nilikuwa nawalipia wote wawili wapigane.

Chagua kimoja. Kwa Mei, kipoza na madirisha mawili yaliyofunguliwa kidogo upande wa pili vinatosha, na umeme wake ni kama wa balbu chache.

Juni 2: Neti ya kivuli, mara ya kwanza na ya pili

Hapa ndipo mradi ulipogeuka. Mama ndiye aliyenikumbusha lile banda letu la uani: makuti juu ya miti minne, hakuna ukuta, upepo unapita chini. Saa saba mchana watu walikuwa wanatoka ndani ya nyumba ya bati kwenda kukaa pale. Makuti hayagusi kitu chochote kilicho chini yake. Yanapokea jua, yanapata moto, na moto wao unachukuliwa na upepo.

Nikanunua neti ya kivuli ya asilimia 90, rangi ya fedha, mita 3 kwa 9 (dola 64), nikaining'iniza ubavu wa magharibi kutoka kwenye reli ya paa. Niliivuta ikakaza kama ngozi ya ngoma, nikafunga chini kwa kamba za nailoni. Makosa mawili kwa mpigo.

La kwanza, ililala juu ya ukuta. Ilipopata joto iliupa ukuta joto lake moja kwa moja. Pengo lilikuwa 8.

La pili, upepo. Usiku wa tatu ulivuma upepo wa jangwani, na neti iliyokazwa kwa kamba isiyonyumbuka haina pa kukimbilia. Asubuhi niliporudi kazini nilikuta imechanika kutoka tundu la kwanza hadi la tano, na kipande cha reli ya paa kimepinda. Nilikaa nikanyoosha reli kwa koleo saa moja nzima badala ya kulala.

Mara ya pili nilifanya hivi. Uwanja hauruhusu kuchimba, kwa hiyo nilisimamisha mabomba manne ya chuma ndani ya ndoo za lita 20 zilizojazwa saruji (mabomba, ndoo na saruji dola 74), mita moja na robo kutoka ukutani. Neti mpya, dola 64, inaanzia kwenye reli ya paa na kushuka kwa mteremko hadi kwenye mabomba, kisha inaning'inia hadi usawa wa magoti. Kila tundu limefungwa kwa kamba ya mpira yenye kulabu, ili upepo ukija neti icheze na kurudi. Dhoruba ikitangazwa, kulabu kumi na mbili zinafunguliwa ndani ya dakika tano. Neti nyingine kama hiyo, dola 64 tena, nimeitandaza upande wa kusini wenye madirisha mawili na friji.

Pengo leo: 11. Tena madirisha ya sebule yako wazi kwa mwanga, na watoto wamepata kibaraza chenye kivuli cha kuchezea asubuhi.

Jambo moja la kipimajoto. Hapa, nyuzi 33 kaskazini mwa ikweta, jua la Juni linazama kaskazini kabisa mwa magharibi. Kuanzia saa kumi na moja jioni lilikuwa linapiga ukuta wangu wa kaskazini, ule niliouamini kuwa ni wa kivuli, pamoja na kipimajoto chenyewe. Nimekihamishia chini ya trela ndani ya kasha jeupe lenye matundu. Ukuta wa kaskazini nao unahitaji kipande cha neti pale mwishoni, nimetumia mabaki ya ile iliyochanika.

Juni 16: Rangi nyeupe ya paa

Paa letu ni la mpira, lilikuwa jeupe zamani, sasa limechakaa kuwa kijivu. Rangi ya kuakisi jua inayokubaliana na mpira wa namna hii: ndoo mbili, dola 210. Soma lebo kwanza, si kila rangi ya paa inashika kwenye kila mpira.

Kuosha, kusugua, kuziba nyufa kuzunguka vidirisha: siku mbili za kawaida. Kosa lilikuwa saa ya kupaka. Nilitoka kazini, nikapumzika kidogo, nikaanza saa nne asubuhi. Rangi ilikauka kwenye rola kabla ya kusambaa, na ndani ya nusu saa ikaota malengelenge kwa sababu mpira chini yake ulikuwa unachemka. Niliweka kiganja chini kujiinua, nikaacha ngozi pale. Theluthi moja ya paa ilibidi kubanduliwa kwa mkwaruzo na kurudiwa.

Jumapili iliyofuata niliomba ruhusa ya zamu, nikaanza saa kumi na nusu alfajiri kwa taa ya kichwani, nikamaliza saa moja na nusu. Koti la pili siku iliyofuata saa zile zile. Imelala laini kama sahani. Pengo: 13.

Juni 23: Kiyoyozi cha bomba moja, nimekirudisha

Kile cha kusimama sakafuni chenye bomba moja la kutolea joto dirishani, dola 329. Kinachukua hewa ya ndani, kinaipitisha kwenye sehemu yake ya moto na kuitupa nje. Hewa hiyo iliyotupwa lazima ijazwe, na inajazwa kupitia kila upenyo wa mlango, droo na shimo la bomba la maji. Nilisimama na kijiti cha udi karibu na mlango: moshi wote ulikuwa unaelekea ndani. Tulikuwa tunanunua hewa ya nyuzi 44 kwa umeme wetu wenyewe. Chumba kilimokuwa kilipoa, sehemu nyingine ya trela ikapata joto zaidi.

Duka lilikata dola 49 za kurudisha. Kama ni lazima kununua cha kusimama, chukua cha mabomba mawili.

Julai 7: Kilichokuwa darini muda wote

Wiki hii nje imefika 46. Kitandani 33. Pengo liligoma kwenye 13 na kiyoyozi hakikuzima hata dakika moja, mchana na usiku.

Jirani yangu ni mzee aliyefanya kazi ya viyoyozi miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilikuwa namwona kila jioni akimwagilia cactus zake, sikujua kazi aliyofanya mpaka nilipomwonyesha daftari langu la vipimo. Aliniuliza swali moja: hewa inayoingia kwenye kiyoyozi ni nyuzi ngapi, na inayotoka ni ngapi? Nilikuwa napima inayotoka tu. Tukapima zote mbili papo hapo. Kuingia 33, kutoka 26. Tofauti 7. Akasema kiyoyozi kizima kinapaswa kutoa tofauti ya 9 hadi 12, na gesi ya kiyoyozi si jambo la kwanza la kushuku.

Tulizima umeme kwenye nguzo, nikafungua kile kifuniko cha plastiki cha darini. Skrubu nne. Ndani yake kuna uwazi wa mraba, kama sentimita 36 kila upande, unaopenya dari hadi kwenye kiyoyozi. Nusu moja ya uwazi huo hewa inapanda, nusu nyingine inashuka ikiwa baridi na kuingia kwenye njia za hewa zilizomo darini. Kinachotenganisha nusu hizo ni kipande cha ubao wa povu. Chetu kilikuwa kifupi. Juu yake palikuwa na mwanya wa vidole viwili, na upande wa kushoto mwanya mwingine ambao mzee alipitisha kalamu yake bila kugusa kitu. Hewa baridi ilikuwa inatoka kwenye koili, inapita kwenye mwanya, inarudi kwenye koili. Kiyoyozi kilikuwa kinajipoza chenyewe.

Si hivyo tu. Niliingiza mkono kwenye njia ya hewa kuelekea chumbani, na pale inapokata kona niligusa sufi ya dari, sufi tupu, ya vumbi. Kiwandani walikata povu kwa kisu wakaacha mdomo wazi. Hewa yetu ilikuwa inamwagika kwenye uwazi ulio kati ya dari na paa. Tangu Februari tumekuwa tukipoza sufi.

Marekebisho: ubao wa povu wenye foili, uliokatwa kwa kipimo na kubanwa kwa nguvu ili uguse pande zote, solotepu ya foili, ile ya metali yenyewe, si ya kitambaa ya kijivu (ile inabanduka kwa joto), kusafisha vumbi kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kubandika, la sivyo haishiki. Nilipofika mahali mkono hauingii nilitumia mwiko wa ugali kuikandamiza tepu kwa ndani. Povu na tepu: dola 31. Muda: saa tatu na nusu.

Kuingia 29, kutoka 18. Tofauti 11. Usiku ule, saa tano kasoro, kiyoyozi kilizima chenyewe. Mke wangu alinipigia kazini akidhani kimekufa. Kilikuwa kimefikia nyuzi tulizokiwekea, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie.

Pengo: 17. Namshukuru mzee yule kwa moyo wote, na hakukubali hata dola, alikubali pilau.

Kwa anayefuata shajara hii: anza hapa. Mimi nimefanya kazi hii ya dola 31 mwezi wa nne wa mradi, na ingeweza kuwa ya siku ya kwanza.

Julai 19: Plagi iliyoungua

Saa kumi na moja jioni taa zilififia, kiyoyozi kikaanza kunguruma bila kuzunguka. Kipima volti kilisoma 103. Ndipo nikasikia harufu, ile ya plastiki iliyoungua, kutoka nje kwenye nguzo ya umeme. Breka, swichi inayokata umeme ukizidi, haikuwa imeruka. Nilizima kwanza, nikasubiri, nikavuta plagi. Mguu mmoja ulikuwa wa kahawia kama karafuu, na plastiki iliyouzunguka imeyeyuka na kuchukua umbo la soketi.

Mambo mawili yalikutana. Uwanja mzima unawasha viyoyozi wakati mmoja, volti zinashuka, na mota ya kompresa (pampu ya gesi ndani ya kiyoyozi) inapokosa volti inavuta ampea zaidi. Na soketi ya nguzo ilikuwa imelegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa miaka mingi. Penye mguso hafifu ndipo joto linapozaliwa, na breka haioni hilo, breka inaona ampea tu.

Nimebadilisha plagi (dola 27). Ofisi ya uwanja ilileta fundi wa umeme akaweka soketi mpya, na hilo si la kufanya mwenyewe. Nimeongeza kifaa cha kulinda umeme kinachokata volti zikishuka chini ya 104 na kusubiri kabla ya kurudisha (dola 260). Ni ghali, lakini kompresa ni ghali zaidi, na moto hauna bei. Tangu siku hiyo kila jioni naigusa plagi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa vuguvugu sawa. Ikichoma, tunapunguza mizigo: jiko la mawimbi na birika la umeme haviwashwi kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku. Tunapikia nje chini ya neti, kwa gesi, alfajiri au baada ya magharibi. Maharage ndani ya trela Julai ni kosa usilorudia mara mbili.

Agosti 4: Chokaa, vumbi, na usiku bila kiyoyozi

Nilisoma mahali kwamba ukinyunyizia ukungu wa maji kwenye koili ya nje ya kiyoyozi, kinapumua vizuri zaidi. Ni kweli. Nilifunga vinyunyizio viwili paani na pengo likaongezeka nyuzi moja na nusu siku ile ile. Lakini maji ya Phoenix ni magumu. Baada ya wiki tatu mapezi ya koili yalikuwa yamevaa ganda jeupe kama birika la zamani. Halafu ikaja habubu, lile ukuta wa vumbi linalotangulia mvua, na vumbi likaganda kwenye ganda lililoloa. Pengo likashuka hadi 12.

Niliondoa vinyunyizio. Nilisafisha kwa siki iliyochanganywa na maji, brashi laini ya mswaki, na subira, mara tatu kwa asubuhi tatu, kisha nikanyoosha mapezi yaliyolala kwa ncha ya kisu cha mezani. Yamerudi karibu yote. Sasa kila baada ya habubu napanda alfajiri na kupuliza vumbi, na chujio la ndani linaoshwa kila Jumamosi.

Mvua zenyewe wanaziita monsuni. Kwangu mimi monsuni ni kusi na kaskazi, pepo za majahazi. Hapa ni mvua za radi za Julai hadi Septemba. Hewa imepata unyevu, na kile kipoza cha maji hakifai tena, kinatoa hewa ya vuguvugu yenye harufu ya pedi. Nimekiuza dola 50.

Jumanne saa mbili usiku kompresa iligoma kabisa. Feni inazunguka, baridi hakuna. Nje 40 bado. Ndani ilipanda nyuzi sita kwa dakika arobaini, niliandika. Hatukukaa kubahatisha. Mpango tulikuwa tumeupanga Mei na kuubandika mlangoni: ndani ikifika 34 na haishuki, watoto wanaingia kwenye gari lenye kiyoyozi na tunaondoka. Mchana ni maktaba au kituo cha kupoza cha jiji. Usiku ule tulikwenda kwa rafiki yangu wa kazini, Mkongo wa Bukavu, niliyempigia nikiwa nimeshaanza safari. Alisema, "Kaka, leta watoto, usiulize." Tulilala sebuleni kwake, nami nikaomba udhuru kazini.

Asubuhi mzee jirani alipima kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi umeme wa kusaidia mota ya kompresa kuzunguka: iliandikwa mikrofaradi 40, ikasoma 27. Ni kitu cha dola 22, na joto ndilo linalokiua. Nimenunua ya akiba iko kwenye droo, ile ile namba na volti zile zile. Ila tahadhari: kapasita inashika umeme hata baada ya kuzima nguzo, inaweza kukurusha au kukuua. Aliitoa chaji yeye kabla sijagusa, na kama huna mtu anayejua, mwite fundi.

Dola 22 nyingine ni za hiyo ya akiba.

Agosti 25: Kiyoyozi kidogo na pazia

Usiku ule ulitufundisha kwamba kiyoyozi kimoja ni kamba moja. Tumenunua kidogo cha dirisha cha BTU 8,000, cha inverta (kinapunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka), dola 289. Kinavuta ampea 6 tu kikitulia, na kile cha paani 14, jumla 20. Kwa umeme wa ampea 30 unaotumika saa nyingi mfululizo hatutaki kuvuka 24.

Nilitaka kukiweka kwenye dirisha kubwa la chumbani kwa sababu kinaingia bila kukata kitu. Mke wangu akauliza lile komeo jekundu ni la nini. Ni dirisha la dharura. Moto ukianzia jikoni, hilo ndilo njia pekee ya kutokea chumbani. Nilikuwa nimeshalipima. Badala yake nimekata paneli ya mlango mdogo wa stoo ya nje chini ya kitanda, nikatengeneza fremu ya mbao, povu pembeni, silikoni, na mteremko kidogo kwenda nje ili maji yatiririke (dola 35).

Pazia zito la kutenga chumba na sebule, dola 40, ndilo lililokamilisha. Mchana kile kidogo kinapoza chumba changu peke yake, cha paani kinapoza mama na watoto. Jana: nje 45, chumbani 25, sebuleni 27. Pengo la kitandani ni 20. Nililala kwa muda wa saa saba bila kuamka.

Septemba 17: Hesabu

Leo mji haukufika nyuzi 37.8, mara ya kwanza tangu Mei 26. Siku 113 mfululizo, rekodi.

Fedha zilizotoka, baada ya kutoa ile 50 ya kipoza: dola 1,399. Kati ya hizo, 153 zimepotea bure: kipoza 40, makato ya duka 49, neti iliyochanika 64. Nyuzi nyingi zaidi kwa fedha ndogo zaidi zilitoka kwenye povu na tepu ya darini, kisha neti za nje na mabomba yake, 202 bila kuhesabu ile iliyochanika. Rangi ya paa inafuata kwa mbali. Foili za ndani ningenunua mkunjo mmoja tu, kwa vidirisha vya darini na chumba.

Umeme wa uwanja unasomwa kwa mita yetu. Agosti, yenye joto kama la Julai, na viyoyozi viwili, tulitumia uniti pungufu kidogo kuliko Julai, kwa sababu cha paani sasa kinapumzika usiku.

Bado: gasketi, ule mpira wa kuziba mwanya kati ya kiyoyozi na paa, imelala bapa, nitaibadilisha Novemba paa likikanyagika mchana, na friji ya gesi ilihangaika Julai nzima, inahitaji feni ndogo ya volti 12 nyuma yake. Neti sijazishusha. Oktoba ya hapa bado ina siku za 40.